Muziki Katika Chumba cha Vipimo: Njia ya Kuwatuliza Watoto Bila Dawa za Usingizi

Vipimo vinavyoonyesha sehemu za ndani ya mwili vimeipa tiba ya watoto uwezo ambao vizazi vilivyopita havikuwa nao, kwa kuwa uvimbe ndani ya ubongo, kasoro ya moyo au jeraha lililojificha tumboni huweza kuonekana bila ngozi kukatwa. Hata hivyo, karibu vipimo hivi vyote vina sharti moja ambalo mtu mzima hulitimiza bila kulifikiria na mtoto mdogo huliona zito mno: mgonjwa hana budi kutulia tuli mpaka kazi iishe. Mtoto wa miaka 3 anayelazwa chali juu ya kitanda chembamba, katika chumba chenye baridi kilichojaa watu asiowajua, huku mzazi wake akiwa amesogezwa kando, hana sababu yoyote ya kutulia, na mwili wake wote humhimiza alie, ajinasue au amng'ang'anie mamaye. Kwa miaka mingi hospitali zimelijibu tatizo hili kwa dawa za usingizi. Katika miongo ya karibuni ushahidi umeonyesha kwamba kwa watoto wengi lipo jibu jingine, nalo ni muziki, ilimradi utumiwe kama sehemu ya tiba, yenye ujuzi wake, mpango wake na mtu anayeusimamia.

Mashine na sharti la kutulia

Kipimo cha CT hutumia mionzi ya eksirei inayopitishwa mwilini kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukusanya taarifa zote hizo na kuunda picha za matabaka ya mwili, tabaka baada ya tabaka. Mashine ya kwanza ya aina hii iliundwa na mhandisi Godfrey Hounsfield katika kampuni ya EMI ya Uingereza, ambayo umma uliijua zaidi kwa kurekodi na kuuza muziki, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo tarehe 1 Oktoba 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley mjini London. Mwaka 1979 Hounsfield alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Afrika Kusini ambaye alikuwa amekwisha kuweka misingi ya hesabu zinazowezesha picha hizo kupatikana. Mashine za leo hupiga picha kwa muda wa sekunde chache, lakini hata sekunde hizo hudai utulivu kamili, kwa sababu mtoto akitikisa kichwa picha huwa na ukungu, na kuirudia humwongezea mionzi, ambayo mwili unaokua huathirika nayo kuliko mwili wa mtu mzima.

Kipimo cha MRI, ambacho kilimpatia Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza Tuzo ya Nobel mwaka 2003, hakitumii eksirei hata kidogo. Hutumia sumaku yenye nguvu nyingi pamoja na mawimbi ya redio kuchochea atomi za haidrojeni zilizomo katika maji na mafuta ya mwili, kisha husoma ishara hafifu zinazotolewa na atomi hizo zinaporudi katika hali yake ya awali. Nguvu ya sumaku hupimwa kwa kizio kiitwacho tesla, na mashine nyingi za hospitali zina tesla 1.5 au 3; tesla 1.5 ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayozungusha sindano ya dira. Mgonjwa huingizwa ndani ya mwanya wa mviringo ambao kwa kawaida una upana wa sentimita 60 hadi 70, na kazi huweza kuchukua dakika 20 hadi saa nzima kutegemea sehemu inayochunguzwa.

Kinachowatisha watoto zaidi katika MRI ni kelele. Ndani ya mashine zimo koili, yaani nyaya zilizosokotwa, ambazo hupitishiwa umeme unaowashwa na kuzimwa kwa kasi kubwa ili kubadili uga wa sumaku kutoka nukta moja ya mwili hadi nyingine. Kwa kuwa waya wenye umeme ndani ya uga wa sumaku husukumwa kwa nguvu, koili hizo hutetemeka na kutoa milio ya kugonga, kukwaruza na kuvuma, ambayo mara nyingi hupita desibeli 100, ilhali wataalamu wa afya ya kazini huchukulia desibeli 85 kuwa kikomo kwa mfanyakazi anayesikia kelele kwa saa 8. Kanuni hiyo hiyo ya fizikia, ya waya wenye umeme kutikiswa na sumaku, ndiyo inayoziwezesha spika za redio kutoa nyimbo. Tofauti ni kwamba spika hutikisika kwa mpangilio unaoeleweka na sikio, ilhali milio ya MRI huanza na kukoma ghafla bila onyo, na jambo lisilotabirika ndilo linalomwogofya mtoto kuliko jambo lenye sauti kubwa.

Hofu ndani ya mwili wa mtoto

Wasiwasi ni mfululizo wa matukio mwilini, na mtoto hauoneshi kwa makusudi. Sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kutambua hatari, ikiamka huchochea tezi zilizo juu ya figo kumwaga homoni za adrenalini na kotisoli, yaani kemikali zinazosafiri mwilini kwa njia ya damu na kuutayarisha mwili kupigana au kukimbia. Moyo huenda mbio, pumzi hufupika, misuli hukaza, viganja hutoka jasho. Sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kwa mtu mzima huweza kusema kwamba mashine hii haiumi na itakwisha baada ya nusu saa, kwa mtoto mdogo bado haijakomaa vya kutosha kuidhibiti hofu hiyo, na kwa sababu hiyo maelezo matupu, hata yakiwa ya kweli na ya upole, mara nyingi hayamfikii.

Umri nao hubadili sura ya hofu. Mtoto wa miezi 8 hadi miaka 3 huogopa zaidi kutengwa na mlezi. Wa miaka 4 hadi 6 huweza kuamini kwamba anaadhibiwa, au kwamba mashine inataka kummeza. Na wa miaka 9 na kuendelea huanza kuelewa kwamba picha inatafuta ugonjwa, hivyo hofu yake hugeuka kuwa hofu ya majibu. Zaidi ya hayo, vipimo vingi huhitaji mtoto achomwe sindano ili awekewe dawa inayofanya mishipa au uvimbe uonekane vizuri, na mtoto aliyewahi kushikwa kwa nguvu akachomwa hukumbuka harufu ya chumba kile kabla hata ya kufika mlangoni.

Dawa za usingizi na gharama zake

Dawa za kutuliza na za usingizi, kama vile midazolamu, klorali haidreti na propofoli, zimeokoa kazi nyingi ambazo pasipo hizo zisingewezekana, na hakuna anayezikataa. Hata hivyo, zina gharama zake. Mtoto hulazimika kufunga, kwa desturi saa 6 bila chakula, saa 4 bila maziwa ya mama na saa 2 bila maji, na mtoto mwenye njaa huwa na wasiwasi zaidi. Pumzi, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni yake vinapaswa kufuatiliwa wakati wote na mtu mwenye ujuzi, vifaa vya kumsaidia kupumua viwe tayari, na baada ya kipimo abaki chini ya uangalizi mpaka azinduke vyema. Baadhi ya watoto hutapika, wengine huzinduka wakiwa wamechanganyikiwa na kulia kwa muda mrefu, na wapo ambao dawa huwafanya wachachamae badala ya kulala.

Swali la athari za dawa hizi katika ubongo unaokua limechunguzwa kwa makini. Desemba 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba kuzitumia mara kwa mara, au kwa zaidi ya saa 3 mfululizo, kwa watoto walio chini ya miaka 3 kunaweza kuathiri ukuaji wa ubongo. Kwa upande wa pili, utafiti mkubwa uliofanywa katika nchi 7 kwa watoto wachanga 722 waliofanyiwa upasuaji wa ngiri, ambao matokeo yake ya miaka 5 yalichapishwa mwaka 2019, haukuona tofauti ya akili kati ya waliopewa nusukaputi ya mara moja kwa muda usiofika saa moja kwa wastani na wale waliotiwa ganzi wakiwa macho. Mzazi ambaye mtoto wake amepewa dawa ya usingizi kwa kipimo kimoja kifupi hana sababu ya kuingiwa na hofu, lakini mtoto mwenye saratani au kifafa, ambaye atapigwa picha tena na tena kwa miaka, ndiye anayestahili zaidi kutafutiwa njia isiyo na dawa.

Kwa nini muziki hutuliza

Wimbo humwathiri mtoto kwa njia kadhaa zinazofanya kazi pamoja. Kwanza, hushika usikivu wake, na usikivu una mipaka, hivyo ubongo unaofuata lahani na kusubiri kiitikio hubakiwa na nafasi ndogo ya kuichunguza mashine. Pili, mdundo wa polepole na wa kujirudia hukaribisha pumzi na mapigo ya moyo yaufuate, na pumzi inapokuwa ndefu mfumo wa neva unaotuliza mwili huzidi nguvu ule unaouhangaisha. Tatu, wimbo anaoufahamu humpa jambo analoweza kulitabiri katika mahali ambapo kila kitu kingine ni kigeni, na mtoto anayejua ubeti gani unafuata huwa bado ana sehemu ya ulimwengu anayoitawala. Nne, sauti inayoimba humwambia kwamba yupo mtu karibu ambaye akili yake yote iko kwake.

Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wachanga unatilia nguvu maelezo haya. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Kanada, walitoa matokeo ya jaribio la watoto 30 wa umri wa miezi 6 hadi 9, ambao walisikilizishwa ama mazungumzo ama nyimbo za Kituruki, lugha ambayo hawakuwahi kuisikia, mpaka walipoanza kuonesha dalili za kununa na kutaka kulia. Waliosikia nyimbo walivumilia kwa takriban dakika 9, na waliosikia mazungumzo, hata yale ya kumdekeza mtoto, walivumilia kwa takriban dakika 4. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walionesha kwamba watoto wachanga 144 wa Marekani, walipoimbiwa nyimbo za kubembelezea watoto kutoka jamii na lugha za mbali, mioyo yao ilipunguza kasi na mboni za macho yao zilitulia kuliko walipoimbiwa nyimbo za aina nyingine kutoka jamii zizo hizo. Inaonekana kwamba uwezo wa kutulizwa na wimbo wa kubembeleza hauhitaji mtoto afunzwe kwanza, naye huja nao hospitalini bila malipo yoyote.

Kazi ya mtabibu wa muziki

Wazo la kuuingiza muziki hospitalini ni la kale. Hospitali iliyojengwa na Sultani Bayezid wa Pili mjini Edirne, Uturuki, iliyokamilika mwaka 1488, ilikuwa na wanamuziki waliowapigia wagonjwa ala kwa siku maalumu. Taaluma ya sasa, hata hivyo, ilianza Marekani katika miaka ya 1940, wakati hospitali zilizowahudumia askari waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia zilipoona manufaa ya wanamuziki wa kujitolea na kutaka watu waliosomea kazi hiyo. Mafunzo ya kwanza ya chuo kikuu yalianzishwa Michigan mwaka 1944, na chama cha kitaifa cha fani hiyo kikaundwa mwaka 1950.

Wanataaluma hutofautisha mambo mawili ambayo mtu wa nje huyachanganya. La kwanza ni kumpa mgonjwa muziki uliorekodiwa ausikilize, jambo ambalo muuguzi au mzazi anaweza kulifanya. La pili ni tiba kwa muziki, ambapo mtabibu aliyesomea fani hiyo, mwenye uwezo wa kupiga ala, kuimba na kusoma hali ya mgonjwa, huutunga na kuubadili muziki papo hapo kulingana na anayoyaona. Msingi wa kazi yake ni kanuni iliyoelezwa katika miaka ya 1940 na Ira Altshuler, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Michigan, kwamba muziki uanze pale alipo mgonjwa kihisia kisha umwongoze taratibu mpaka pale anapotakiwa kufika. Mtoto anayelia na kurusha miguu hapigiwi wimbo wa usingizi, kwa kuwa sauti yake mwenyewe ingeumeza; mtabibu huanza kwa wimbo wenye kasi na nguvu zinazolingana na kilio chake, na mara mtoto anaponyamaza ili asikilize, kasi hupunguzwa kidogo kidogo, sauti hushushwa, nyuzi hupigwa kwa upole zaidi, mpaka pumzi na wimbo viende sambamba.

Ushahidi wa Tallahassee na New York

Mfano unaojulikana zaidi unatoka Tallahassee, Florida, ambako hospitali ya mji huo imeshirikiana kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida katika kuwafunza watabibu wa muziki. Katika makala iliyochapishwa mwaka 2005, mtafiti Darcy Walworth alieleza matokeo ya watoto 166 waliopewa tiba kwa muziki wakati wa vipimo. Watoto wote 92 waliofanyiwa kipimo cha moyo cha altrasaundi, ambacho huhitaji mtoto alale kimya huku kifaa kikipitishwa kifuani, walikimaliza bila dawa ya kutuliza. Kati ya 57 waliopigwa picha za CT, asilimia 80.7 walifaulu bila dawa. Na kati ya 17 waliofanyiwa taratibu nyingine, walifaulu asilimia 94.1. Makala hiyo ilitazama pia upande wa gharama, kwa kuwa mtoto asiyepewa dawa hahitaji muuguzi wa kumlinda mpaka azinduke, wala hachukui kitanda cha mapumziko, hivyo muda wa watumishi huenda kwa wagonjwa wengine.

Utaratibu wenyewe hufuata hatua zinazoeleweka. Mtabibu humfuata mtoto kabla ya kipimo, akijua kutoka kwa mzazi ni nyimbo zipi anazipenda, na huanza naye uhusiano kwa mchezo wa kuimba na kugonga ala ndogo. Wanapoelekea chumbani wimbo hausimami, ili mtoto avuke mlango akiwa ndani ya jambo analolijua badala ya kuingizwa katika kimya cha kutisha. Mtoto mkubwa huachiwa achague wimbo na huelezwa kwa mashairi yale yale kile kitakachotokea, kwamba kitanda kitasogea na kwamba sauti kubwa itakuja kisha itakoma. Mtoto mdogo hupelekwa taratibu kwenye usingizi wa kawaida. Kipimo kikiisha, wimbo huendelea mpaka mtoto arejee kwa mzazi, kwa sababu namna tukio linavyoisha ndiyo huamua mtoto atalikumbuka vipi atakaporudi mara nyingine.

Katika Kituo cha Muziki na Tiba cha Louis Armstrong, kilichokuwa katika hospitali ya Beth Israel mjini New York, Joanne Loewy na wenzake walichunguza kipimo kingine kinachodai utulivu, cha umeme wa ubongo, ambacho hufanywa kwa kubandika nyaya kichwani mwa mtoto na mara nyingi humtaka alale. Watoto 60 wa umri wa mwezi 1 hadi miaka 5 waligawanywa, baadhi wakipewa klorali haidreti na wengine wakiimbiwa na mtabibu. Kwa mujibu wa matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2005, asilimia 97.1 ya walioimbiwa walilala au kutulia bila kuhitaji msaada mwingine, ilhali kati ya waliopewa dawa ni asilimia 50 tu waliofikia hali hiyo.

Kuhusu sindano, ambayo hutangulia vipimo vingi, watafiti wa Edmonton, Kanada, walichapisha mwaka 2013 matokeo ya watoto 42 wa miaka 3 hadi 11 waliowekewa mpira wa dripu katika chumba cha dharura. Kati ya wahudumu wa watoto waliosikilizishwa muziki, asilimia 76 walisema kazi ilikuwa rahisi sana, huku asilimia 38 tu ya waliowahudumia watoto wasiopigiwa muziki wakisema hivyo. Mkono wa mtoto aliyetulia hupatikana kwa urahisi, na mchomo mmoja uliofaulu ni bora kuliko mitatu iliyokosa mshipa.

Ndani ya sumaku

Chumba cha MRI kina masharti yake ambayo mtabibu wa muziki hulazimika kuyaheshimu kama mhudumu mwingine yeyote. Gitaa lenye nyuzi za chuma haliingii humo, kwa kuwa sumaku, ambayo haizimwi hata usiku, huweza kulivuta kwa kasi ya kuua, na hata vigingi na skrubu za ala ya mbao yenye nyuzi za nailoni hukaguliwa kwanza. Hedifoni za kawaida nazo zina sumaku ndani yake, hivyo kwa miaka mingi hospitali zimetumia zile zinazopeleka sauti kwa hewa kupitia mirija ya plastiki kutoka chumba cha jirani, ambazo wakati huo huo huzuia sehemu ya kelele. Mtabibu anaweza kuimba kutoka chumba cha kuongozea mashine kwa kutumia maikrofoni, huku akimwona mtoto kupitia kioo. Ikiwa mtoto atasikilizishwa muziki uliorekodiwa, sauti haipaswi kupandishwa ili ishindane na mashine, kwa kuwa masikio ya mtoto yanahitaji kulindwa kwanza na kuburudishwa baadaye. Kinachofaa ni kuziba masikio vizuri na kuchagua nyimbo zenye mdundo ulio wazi, unaosikika hata katikati ya milio.

Muziki haufanyi kazi peke yake katika hospitali zilizofanikiwa. Baadhi zina mashine ya mfano, isiyo na sumaku, ambamo mtoto hujizoeza kulala huku akisikia kelele zilizorekodiwa, na watoto wachanga wa miezi michache ya kwanza mara nyingi hunyonyeshwa hadi washibe, wakaviringishwa nguo na kuachwa walale wenyewe, kisha wakaingizwa mashineni wakiwa usingizini. Wimbo huziunganisha hatua hizi, kwani wimbo uliofunzwa kwenye mashine ya mfano ndio huo huo utakaomsindikiza mtoto kwenye mashine halisi.

Mipaka ya njia hii

Uaminifu kwa wazazi unadai mipaka isemwe wazi. Mwaka 2004 Zeev Kain na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha tiba kwa muziki na midazolamu kwa watoto 123 waliokuwa wakielekea kufanyiwa upasuaji, wakaona kwamba wakati wa kuwekewa barakoa ya nusukaputi, ambapo hofu hufika kileleni, waliopewa dawa walikuwa watulivu zaidi. Waliona pia jambo jingine lenye mafunzo makubwa: watoto waliohudumiwa na mmoja wa watabibu wa muziki walikuwa watulivu walipoachana na wazazi na walipoingia chumba cha upasuaji, na wale wa mtabibu mwingine hawakuwa hivyo. Kwa maneno mengine, ujuzi na haiba ya anayeimba ni sehemu ya dawa yenyewe, na hospitali inayonunua spika ikadhani imeanzisha tiba kwa muziki itavunjika moyo.

Mapitio ya mwaka 2008 yaliyokusanya majaribio 19 yenye watoto 1,513 yalihitimisha kwamba muziki hupunguza wasiwasi na maumivu wakati wa taratibu za kitabibu, ingawa majaribio hayo yalitofautiana sana kwa ubora na kwa namna muziki ulivyotumika. Aidha, wapo watoto ambao njia hii haiwafai: aliyeumia kichwa anayehitaji picha kwa dharura, mwenye maumivu makali yasiyotulizwa kwanza, anayetakiwa kubaki MRI kwa muda mrefu kabla hajafikia umri wa kuelewa maelekezo, na baadhi ya watoto wenye usonji ambao sauti yoyote ya ziada huwaelemea. Kwa hao dawa ya usingizi ni rehema, na mzazi asione kwamba ameshindwa. Jambo la msingi ni mpangilio, kwamba njia ya upole ijaribiwe kwanza kwa mtoto anayeifaa, na dawa iwe tayari pale inapohitajika.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki suala hili lina uzito wa pekee. Shirikisho la dunia la madaktari wa nusukaputi limependekeza kila nchi iwe na angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara hazifikii hata 1. Mahali ambapo daktari wa usingizi anagombewa na vyumba vya upasuaji na wodi za wazazi, mtoto anayehitaji dawa ili apigwe picha huweza kusubiri, na ugonjwa wake hausubiri pamoja naye. Kila mtoto anayetulia kwa wimbo humwachia mwingine nafasi ya daktari huyo.

Watabibu wa muziki waliosomea fani hiyo ni wachache sana katika eneo hili, lakini mali ghafi ya kazi yao imejaa kila nyumba. Nyimbo bembelezi, zinazofundishwa shuleni kama utanzu wa fasihi simulizi, zina sifa zile zile ambazo watabibu huzitafuta: mahadhi ya polepole, maneno machache yanayorudiwa, na mdundo unaolingana na mwendo wa mtoto aliyefungwa kwa kanga mgongoni mwa mamaye au bibiye. Mtoto wa Tanga, Mombasa au Bukavu anayo tayari nyimbo zinazomtuliza, na anayezijua ni mlezi wake. Hospitali inaweza kuanza kwa kumuuliza mlezi huyo, wakati wa kupanga tarehe ya kipimo, ni wimbo gani humlaza mtoto nyumbani. Inaweza pia kumruhusu abaki chumbani pale ambapo usalama wa mionzi na sumaku unaruhusu, akiwa amevaa vazi la kinga au amekaguliwa asiwe na chuma. Na inaweza kumwachia aimbe, badala ya kumnyamazisha kwa hoja kwamba hospitali ni mahali pa kimya.

Mzazi naye anaweza kumzoeza mtoto siku chache kabla, kwa kuimba naye wimbo mmoja wakati wote wanapocheza mchezo wa kulala bila kutikisika, ili wimbo huo na utulivu vifungamane akilini mwake, na afike hospitalini akiwa na kitu chake mwenyewe cha kushikilia. Anaweza pia kumuuliza daktari, bila haya, kama kipimo kinaweza kujaribiwa kwanza bila dawa ya usingizi, na kama picha zilizo muhimu zaidi zinaweza kupigwa mwanzoni, kabla ya subira ya mtoto kwisha. Vyuo vinavyofundisha uuguzi, radiolojia na muziki vina nafasi ya kukutana hapa, kwa kuwaandaa watumishi wanaojua kusoma pumzi ya mtoto na kuchagua mdundo unaoifaa, na kwa kupima matokeo katika hospitali za eneo hili ili mipango ijengwe juu ya ushahidi wa eneo lenyewe.

Mtoto aliyepigwa picha akiwa macho, akiimbiwa na mtu anayemwamini, hutoka chumbani akiwa na picha iliyo safi na kumbukumbu ya kwamba aliliweza jambo gumu. Kwa mtoto ambaye ugonjwa wake utamrudisha hospitalini mara nyingi, kumbukumbu hiyo ni sehemu ya afya yake, na hospitali inayoilinda inamtibu mtoto mzima.